Mkono wa bandia wa kazi ngumu: kulabu ya stenlesi kwa shamba na bahari za Unguja na Pemba

Mtu anayelima muhogo Makunduchi, anayefunga mwani Paje au anayechambua karafuu Wete hahitaji mkono wa bandia unaofanana na mkono. Anahitaji kifaa kinachobana barabara, kinachostahimili maji ya chumvi, na ambacho kikiharibika kitatengenezwa hapa hapa kisiwani kwa vipuri vinavyopatikana madukani. Kwa vipimo hivyo vitatu, kinachoshinda ni kulabu ya vidole viwili ya chuma cha stenlesi, inayofunguliwa kwa waya unaovutwa na bega, ikiwa juu ya soketi (kikombe kinachovalishwa kigutu) ya plastiki ya polipropilini. Tathmini hii ni ya aliyekatwa mkono chini ya kiwiko. Waliokatwa juu ya kiwiko wana maelezo yao mbele.

Muundo wa kulabu hii si mgeni. David W. Dorrance, Mmarekani aliyepoteza mkono kwenye kiwanda cha kupasua mbao, aliupatia hataza mwaka 1912, na kulabu zinazouzwa leo kwa jina la Hosmer bado zinafuata wazo lile lile. Kidole kimoja kimetulia, cha pili kinazunguka kwenye ekseli. Mipira, yaani pete za mpira, inavifunga, waya unavifungua. Ukisukuma bega mbele au ukinyoosha mkono, mkanda uliopita mgongoni unavuta waya na kulabu inafunguka. Ukilegeza, mipira inabana. Hakuna betri wala mota, na karibu kila kinachoweza kuharibika unakiona kwa macho.

Tuyataje kwa ufupi yale tunayoyaacha. Viganja vya betri vinavyopendwa mitandaoni, vile vinavyokunja kidole kimoja kimoja, ni kazi nzuri ya kihandisi, lakini si vya jembe. Ndani ya vidole mna mota na gia ndogo sana. Mchanga na chumvi vikiingia, mkono hausogei tena. Vitambuzi vinavyosoma msuli hugusa ngozi moja kwa moja, na jasho likijaa ndani ya soketi mkono hufunguka wakati usioutaka. Bei yake ni mara nyingi ya kulabu, na gia ikivunjika mkono wote unarudi nje ya nchi. Mikono ya kuchapishwa kwa plastiki nayo hukatika kwenye mistari ya matabaka, na plastiki ya PLA inayotumika zaidi huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi, joto ambalo dashibodi ya gari lililoegeshwa juani hulifikia. LN-4, mkono unaogawiwa bure kupitia vilabu vya Rotary, tunausifu kwa kile ulichotengenezewa: kushika kalamu, kijiko, usukani wa baiskeli. Hufungwa kwa mikanda bila kuhitaji soketi ya kuchongwa na husaidia siku ile ile. Lakini vidole vyake vya plastiki hupangwa kwa mkono wa pili, na havikukusudiwa kuvuta nanga.

Kiganja cha sura, kile chenye glavu ya rangi ya ngozi, kina heshima yake harusini na ofisini, na hakuna sababu ya kuchagua kimoja tu. Kikiwa na nati ya aina moja na kulabu, soketi moja inabeba vyote viwili: kulabu shambani, kiganja shughulini. Muhimu ni glavu isikae karibu na bizari wala wino, maana madoa yake hayatoki.

Sasa kulabu yenyewe. Katika orodha ya Hosmer, aina tatu ndizo zinazomhusu mtu wa kazi. 5XA ni ya alumini, vidole vyake vina bitana ya mpira, nyepesi, nzuri kwa kazi za nyumbani. 5 ni ya umbo hilo hilo kwa stenlesi. 7 ni ya stenlesi pia, na imeundwa kwa makusudi kwa mkulima na seremala: ina uwazi wa kukamata mpini mnene wa koleo au jembe, sehemu ya kushikia patasi na kisu, na sehemu ya kusimamisha msumari hadi nyundo iupige. Kwa shamba na useremala, 7 haina mpinzani. Kwa mwani, nyavu na kazi za kamba, 5 inatosha na haina pembe nyingi za kunasa uzi.

Alumini tunaikwepa kwa yeyote anayeingia baharini. Si kwamba alumini ni mbovu. Ubaya unaanza pale alumini inapokutana na skrubu ya chuma ndani ya maji ya chumvi. Metali mbili tofauti zikilowa chumvi huwa kama betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe kuzunguka skrubu, kisha shimo la skrubu linapanuka na kidole kinaanza kucheza. Stenlesi haina shida hiyo kwa kiwango hicho, ingawa nayo hupata vidoa vya kutu mahali pasipopata hewa: chini ya mipira na ndani ya nyuzi za nati. Gharama ya stenlesi ni uzito, karibu mara mbili ya alumini. Uzito huo uko nchani mwa mkono, kwa hiyo mwenye kigutu kifupi ataulalamikia kuliko mwenye kigutu kirefu. Kigutu kikiwa kifupi sana na kazi ni ya nchi kavu, hapo 5XA inapata nafasi yake.

Mipira ndiyo nguvu ya kubana. Kila pete ya mpira huongeza karibu nusu kilo kwenye ncha za vidole, na mtu wa kazi ngumu hufika pete tano au sita. Tatizo ni kwamba kila pete unayoongeza lazima uishinde kwa bega kila unapofungua, na nguvu ya kuvuta waya huzidi ile inayobana nchani, kwa sababu ncha iko mbali na ekseli na waya uko karibu nayo. Anza na mbili. Ongeza moja moja kwa kadiri bega linavyozoea. Anayekimbilia sita tangu siku ya kwanza hupata maumivu ya kwapa na kuuweka mkono kabatini, kisha lawama inaangukia kulabu isiyo na kosa.

Jua na mafuta huua mipira. Ikianza kuwa na mipasuko midogo kama ardhi kavu, badilisha zote pamoja. Pete za asili zikikosekana, pete ndogo za mpira zinazouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa ajili ya kuhasi mbuzi zinakaa vizuri, na watumiaji wa kulabu wa nchi nyingi huzitumia. Vipande vya tyubu ya baiskeli vinasogeza siku, si zaidi ya hapo.

Kuna jamii nyingine ya kulabu ambayo kazi yake imegeuzwa: iko wazi muda wote, na inafunga unapovuta. Maarufu ni zile zilizobuniwa na Bob Radocy wa Boulder, Colorado, aliyepoteza mkono mwenyewe, kwa jina la TRS. Faida yake kubwa ni kwamba unabana kwa nguvu uliyonayo, si kwa idadi ya mipira, na bega linahisi kiasi gani umebana. Kwa kuvuta kamba ya nanga ni bora kuliko ya mipira. Lakini ukilegeza bega, umeachia. Kushika kamba ya mwani ikiwa imenyooka kwa saa nzima huku mkono wa pili ukifunga taitai, vile vikamba vya kufungia mwani, ni mateso. Mvuvi anayevuta nyavu kutwa aifikirie; kwa wengine tunabaki na ile ya mipira.

Waya ndio utakaokatika kwanza. Kwa kawaida ni waya wa nyuzi za stenlesi, unene kama milimita 1.6, unaopita ndani ya ganda la chuma lililosokotwa. Haukatiki katikati. Unakatika pale unapotoka kwenye mdomo wa ganda na kujikunja, au kwenye shingo ya kidude cha nchani kilichobanwa. Nyuzi hukatika moja moja, kwa hiyo dalili huonekana mapema: pitisha kitambaa cha pamba juu ya waya kila wiki, kikinasa uzi mmoja, badilisha waya wakati bado uko nyumbani. Sababu kubwa ya kukatika mapema ni ganda lililokatwa vibaya likaacha ncha kali, au lililofungwa kwa kona ya ghafla kwenye kiwiko. Mdomo wa ganda upigwe tupa uwe laini, na njia ya waya iwe na mkunjo mpana mkono ukiwa umekunjwa. Kwa kazi nzito muombe fundi waya wa milimita 2.4 na ganda lake, au bitana ya Tefloni ndani ya ganda. Msuguano ukipungua, bega linachoka kidogo.

Hapa visiwani mwetu kulabu ya waya ina faida ambayo mkono mwingine hauna. Waya wa breki ya baiskeli una unene huo huo wa milimita 1.5 hadi 1.6, na duka lolote la vipuri vya baiskeli Darajani, Chake Chake au Mkoani linao. Chagua wa stenlesi. Ule wa kupakwa zinki hufanya kutu haraka ukigusa bahari. Usichukue waya wa gia, ni mwembamba mno. Kichwa cha waya wa breki hakitaingia kwenye kulabu, kwa hiyo hukatwa na mahali pake huwekwa kidude cha skrubu mbili. Kaza skrubu zote mbili, acha mkia wa sentimita moja, uchovye kwenye gundi ya epoksi ili usichome.

Soketi ndiyo tunayoitazama kwa ukali zaidi, maana kulabu nzuri juu ya soketi mbovu haibebi kitu. Polipropilini, plastiki ile ile ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu imeieneza katika karakana nyingi za nchi maskini, hupashwa moto hadi ilainike na kuvikwa juu ya kalibu ya plasta iliyotoka kwenye kigutu chako. Hainyonyi maji, haivunjiki ovyo ikigonga mwamba, na mahali panapoumiza fundi anapapasha moto kwa bunduki ya hewa ya moto na kupasukuma nje kidogo. Soketi ya fiberi na resini ni ngumu na nyembamba zaidi, tena inapendeza, lakini ukingo wake ukipigwa hupasuka, ufa hutembea, na kuirekebisha umbo baada ya kukauka ni kuikwangua tu. Kwa ofisi chukua resini. Kwa shamba chukua polipropilini na usikubali kushawishiwa.

Kigutu hubadilika unene katika miezi ya mwanzo kadiri uvimbe unavyopungua. Soketi ikilegea, ongeza soksi ya pamba. Ukihitaji soksi tatu nene ili ikae, soketi imekwisha muda wake, ipigwe nyingine. Kwa joto letu soksi hubadilishwa kila siku, na siku ya kazi nzito mara mbili. Kigutu kinachokaa kwenye jasho la jana hupata fangasi na majipu, na jipu moja linakuweka nje ya kazi kuliko waya uliokatika.

Mikanda nayo ina chaguo ambalo karakana nyingi hazilisemi mpaka uulize. Ule wa kawaida, wenye umbo la tarakimu nane, hupita chini ya kwapa la mkono mzima. Kwa kazi nyepesi unafaa. Ukibeba ndoo ya lita 20, uzito wake wa kilo 20 unavuta mkanda huo hadi kwapani, unabana mishipa ya fahamu, na vidole vya mkono mzima vinaanza kufa ganzi. Mbebaji wa mizigo aombe kiti cha bega na mkanda wa kifua: kipande kipana cha ngozi au turubai juu ya bega la upande wa kigutu, ambacho mzigo unakalia, na mkanda mmoja unaozunguka kifua. Hakuna kitu chini ya kwapa. Kinachosha kuvaa, kina joto, lakini ndicho kinachokuwezesha kubeba maji na viroba vya mwani.

Pamoja na hayo, soketi isiyozuia kiwiko. Zipo soketi zinazojishika zenyewe juu ya mifupa ya kiwiko bila mkanda wa kubeba. Ni nadhifu, ila hupunguza mkunjo na mzigo mzito huzichomoa. Kwa kigutu kirefu ni bora soketi fupi yenye bawaba laini za mkanda na kipande cha ngozi nyuma ya mkono wa juu, kwani inaacha mkono uweze kugeuka, kama unavyogeuza ufunguo. Kwa kigutu kifupi, bawaba za chuma.

Kifundo, yaani pale kulabu inapoingia kwenye soketi, ni mahali pa kutazama nyuzi za skrubu. Kulabu za Kimarekani hutumia nyuzi za nusu inchi, 20 kwa inchi. Vifaa vingi vya Ulaya hutumia M12 kwa 1.5, yaani kipenyo cha milimita 12. Nusu inchi ni milimita 12.7, haziingiliani, na anayelazimisha anaharibu zote mbili. Mtu akiletewa kulabu ya mtumba na jamaa aliye Uingereza au Marekani, apime nyuzi kwanza kabla fundi hajatengeneza soketi. Vifundo vya kubonyeza na kuchomoa ni raha mjini, lakini mchanga wa Jambiani ukiingia kwenye kufuli lake hakifungi tena. Kwa pwani chukua cha kawaida cha kukaza kwa msuguano chenye pete ya mpira, na uikaze upya kila inapoanza kuzunguka yenyewe.

Kazi kwa kazi, tulivyoona. Kufunga mwani: kulabu inashika kamba ikiwa imenyooka, vidole vizima vinafunga taitai, ni kazi ambayo kulabu inaifanya kama ilizaliwa nayo. Kuchambua karafuu: kulabu inashika konyo, mkono mzima unachambua, mipira mitatu inatosha, ikizidi inaponda. Jembe: mkono mzima ukae mbele kuongoza, kulabu mwisho wa mpini, na kwenye mpini fungia kitanzi cha kamba au cha tyubu ambamo kulabu inaingia. Kila pigo husukuma mtikisiko hadi kwenye kifundo, kwa hiyo kikague kila jioni ya kulima. Panga lishikwe na mkono mzima siku zote. Kulabu ishike tawi. Kilo tatu za kubana haziwezi kulizuia panga linalozungushwa kwa nguvu, na likichomoka halijui linaelekea kwa nani.

Kukwea mkarafuu au mnazi kwa kulabu tunakataza kabisa. Mipira haibebi mwili wa mtu, na mikanda haikushonwa kwa ajili hiyo. Kufua nazi kwenye kifuo pia hapana: nazi ni pana kuliko uwazi wa kulabu, ikiteleza mwili unafuata kwenye ncha. Kwenye ngalawa, usikamate kwa kulabu kamba ya tanga iliyobeba upepo kisha ukaizungusha. Izungushe kwenye gogo, kulabu ishike mkia tu, ili uweze kuachia kwa harakati moja. Bodaboda vivyo hivyo, kulabu iweze kuachia usukani kwa harakati moja, hasa mkono wa kulia ulipo mafuta na breki ya mbele. Na mafundi umeme wakumbuke kwamba stenlesi, waya na skrubu ni njia moja ya chuma hadi mwilini.

Utunzaji ni mfupi. Ukitoka baharini, maji baridi ya kisima au bomba juu ya kulabu na waya, ukiifungua na kuifunga mara kadhaa ili chumvi itoke kwenye ekseli. Ikauke kivulini. Tone moja la oili ya cherehani kwenye ekseli, na ufute isifike kwenye mipira. Mafuta ya nazi yasitumike. Yanakusanya vumbi. Mikanda ifuliwe kwa sabuni, soketi ifutwe ndani kila usiku. Nyumbani uweke waya wa akiba uliokwisha kukatwa kwa urefu wako, pete za mpira, vidude viwili vya skrubu, bisibisi na plaisi.

Aliyekatwa juu ya kiwiko anapewa kiwiko cha bandia chenye kufuli. Waya mmoja hukunja kiwiko, na kufuli likishashika waya huo huo hufungua kulabu; wa pili hufunga na kufungua kufuli. Ni vitendo vingi kwa bega moja, na nguvu inayofika nchani ni ndogo. Kwa kushikilia, kukandamiza na kubeba kitu chepesi, inasaidia. Kwa jembe la kutwa hatuipendekezi, na ni haki ya mtu kuambiwa hivyo kabla hajauza mbuzi wake kulipia.

Anayevuka kwenda karakana za Dar es Salaam, kwa mfano MOI (taasisi ya mifupa) pale Muhimbili au hospitali ya CCBRT, apange kulala. Soketi nzuri haitoki kwa vipimo vya asubuhi na boti ya jioni: kuna kuchukua kalibu, kuna kujaribu, kuna kurekebisha. Mafundi wengi wa nchi hii wamesomea TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichoko Moshi, na wanaijua kulabu ya waya. Mwambie fundi kazi yako kwa jina, si "kazi za mikono" tu. Siku ya kuchukua, ifungue kulabu mkono ukiwa umenyooka, ukiwa umekunjwa mbele ya kinywa, na ukiwa kiunoni. Isipofunguka kote kuwili mbele ya kinywa na kiunoni, waya ni mrefu mno au mkanda umelegea. Ninginiza ndoo ya maji nusu kwenye mkunjo wa kulabu, si kwenye ncha, utembee nayo uani. Kaa na mkono huo nusu saa, uvue, utazame kigutu. Wekundu unaoondoka ndani ya dakika kumi ni wa kawaida. Ukibaki, hasa kwenye ncha ya mfupa, usikubali neno "utazoea". Fundi achukue bunduki ya hewa aisukume soketi pale pale, nawe uivae tena nusu saa nyingine kabla ya kutia saini.